Sikukuu ya Tiara Ahmedabad: Furaha Angani, Uzi Mikononi

Saa moja ya asubuhi, Jumamosi ya tarehe 14 Januari, 2023, kabla jua halijachomoza, niliamshwa na vishindo vya miguu na sauti ya muziki juu ya kichwa changu. Nilikuwa mgeni katika nyumba ya ghorofa tatu ndani ya mji mkongwe wa Ahmedabad, jimbo la Gujarat, magharibi ya India. Nilipopanda ngazi nikatokea juu, nilikuta nyumba nzima imekwisha hamia huko. Baba, mama, shangazi, watoto, majirani na wageni wa majirani, wote walikuwa juu ya paa lililosakafiwa, na juu ya kila paa ambalo jicho langu liliweza kulifikia palikuwa na watu vivyo hivyo. Barabara zilikuwa kimya. Mji wa mamilioni ya watu ulikuwa umeondoka ardhini, na kila uso uliinuliwa juu.

Jua lilipotokeza, tiara za kwanza zilipaa. Baada ya nusu saa sikuweza tena kuzihesabu. Nyekundu, kijani, manjano, zambarau, nyingine ndogo kama kiganja, nyingine pana kuliko mtoto aliyezirusha, zilijaa angani kama samaki katika maji mafupi.

Hiyo ndiyo sikukuu ya Uttarayan, ambayo watu wa Gujarat huisubiri mwaka mzima.

Udugu wa zamani ndio ulionifikisha katika nyumba hiyo. Bibi wa familia, mwenye umri wa miaka themanini na ushei, alizaliwa Tanga, ambako baba yake alikuwa na duka la nguo, akarudi India akiwa msichana. Jamaa yake wa Dar es Salaam alinipa barua ya kunitambulisha. Nilipomwamkia, "Shikamoo, Bibi," alinyamaza kitambo, kisha akaitika, "Marahaba, mwanangu," na machozi yakamlengalenga. Tangu saa hiyo nilikuwa mtoto wa nyumba.

JUA LAGEUKA NJIA

Bibi ndiye aliyenieleza maana ya siku hiyo. Neno Uttarayan limeundwa kwa maneno mawili ya lugha kongwe ya Kisanskriti: uttara, yaani kaskazini, na ayana, yaani mwendo. Ni siku ambayo, kwa hesabu ya kalenda ya Kihindu, jua huingia katika nyota ya Makara na kuanza safari yake ya kwenda kaskazini. Baridi huanza kulegea, na mchana hurefuka. Sikukuu nyingi za Kihindu hufuata mwezi, na kwa hiyo tarehe zake huhamahama; lakini hii hufuata jua, ndiyo maana huangukia tarehe 14 Januari karibu kila mwaka, na mara nyingine tarehe 15.

Msomaji aliyesoma jiografia atauliza: je, jua haligeuki mwishoni mwa mwezi wa Desemba? Ni kweli. Mhimili wa dunia huyumba polepole mno, na kwa karne nyingi hesabu ya nyota na mgeuko wenyewe wa jua vimeachana kwa wiki kadhaa. Watu wa Gujarat wameshika hesabu ya wazee wao. Katika utenzi mkuu wa Mahabharata, shujaa Bhishma, akiwa amelala juu ya kitanda cha mishale, aliizuia roho yake isitoke mpaka jua lilipoanza mwendo huo wa kaskazini. Basi siku hii ni ya heri. Asubuhi watu huoga, hutoa sadaka, huwalisha ng'ombe majani mabichi, kisha hupanda juu.

"Na upepo huu unaujua," Bibi aliniambia, akielekeza uso wake upande wa kaskazini-mashariki. "Tanga mnauita kaskazi."

Alisema kweli. Msimu huo huo wa pepo ndio uliosukuma majahazi ya Gujarat na ya Kachchh kutoka bandari kama Mandvi mpaka Unguja na mwambao wetu, yakiwa yamesheheni nguo na vyombo. Upepo ulioleta biashara, na maneno kama gari na chapati, ndio unaorusha tiara.

VIDOLE VYA WATENGENEZAJI

Siku moja kabla ya sikukuu nilikwenda sokoni na mjukuu wa Bibi, kijana wa miaka kumi na minne, mchangamfu, ambaye hakuwa na neno jingine mdomoni ila ushindi. Maana yapasa msomaji afahamu kwamba tiara za Ahmedabad hazirushwi kwa kutazamwa tu. Zinapigana. Kila mrushaji hutafuta kuuvusha uzi wake juu ya uzi wa mwenziwe na kuukata. Tiara iliyokatwa huyumba na kuanguka, na watoto huikimbilia. Aliyeipata ndiye mwenyewe.

Kwa hiyo uzi ndio silaha. Huitwa manja. Kando ya barabara tuliona nguzo zimesimamishwa mbili mbili, na kati yake nyuzi za pamba zimevutwa kwa makumi, zimepakwa rangi ya waridi hata barabara yote iking'ara. Mafundi walitembea kwenda na kurudi, kila mmoja ameshika mkononi donge la uji mzito wa wali, rangi na chupa iliyosagwa ikawa unga laini. Donge hilo hupitishwa juu ya uzi mara nyingi, mpaka uzi ulewe na ukauke mkali kama msumeno.

Fundi mmoja alikuwa ametoka Bareilly, katika jimbo la Uttar Pradesh, mji unaosifika kwa kazi hiyo. Huja kila msimu na kurudi kwao sikukuu ikiisha. Nilimwomba anionyeshe mikono yake. Vidole alikuwa amevifunga plasta na vitambaa, lakini pembeni mwa vitambaa palionekana makovu juu ya makovu. Kwa siku moja hutembea mwendo ambao mtu angeufikisha mji mwingine, naye asivuke hata kona ya barabara ile. Nilimwuliza kama yeye hurusha tiara. Akacheka. "Siku hiyo ninalala," alisema.

Kutoka hapo tulikwenda mtaa wa Jamalpur, ambako tiara zenyewe hutengenezwa. Katika chumba kimoja wanawake watatu waliketi sakafuni. Mmoja alikuwa akibandika kijiti cha mwanzi kilichonyooka, kilicho uti wa mgongo wa tiara. Wa pili akipinda kijiti chembamba kama upinde na kukigandisha. Wa tatu akiimarisha kingo kwa uzi na gundi. Karatasi huwa imekwisha katwa na mtu mwingine. Tiara moja hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mtoto, na huuzwa kwa kodi, yaani ishirini ishirini, kama wazee wetu walivyohesabu nguo kwa korja. Kazi hii huendelea karibu mwaka mzima, nao hulipwa kwa idadi ya tiara, si kwa saa. Gundi isipokauka kwa unyevu wa mvua, hakuna malipo.

Jambo moja lilinigusa. Sikukuu hii ni ya Wahindu, lakini wengi wa watengenezaji wa tiara wa Jamalpur ni Waislamu. Ahmedabad imewahi kuonja uchungu wa fitina za dini, na mauaji ya mwaka 2002 hayajasahaulika. Hata hivyo, kila mwezi wa Januari anga la mji mzima hutoka katika vyumba vile.

Tena mji huu si mgeni wa harakati za wafanyakazi. Sultani Ahmad Shah aliuanzisha mwaka 1411, na katika karne ya ishirini ulijaa viwanda vya nguo. Mahatma Gandhi, aliyekuwa na makao yake ukingoni mwa mto Sabarmati, alisimama pamoja na wafanyakazi wa viwanda hivyo katika mgomo wa mwaka 1918. Na mwaka 1972 Ela Bhatt, mwanasheria wa chama cha wafanyakazi wa nguo, alianzisha SEWA, chama cha wanawake wanaofanya kazi bila mwajiri mmoja: wachuuzi, wachukuzi, wabandikaji na washonaji wa majumbani. Serikali ilisita kukiandikisha, kwa hoja kwamba wanawake hao hawana tajiri wa kudai kwake. Wao wakajibu kwamba chama ni cha kuwaunganisha wafanyakazi, si cha kumpinga tajiri tu. Wakaandikishwa. Anayetazama wanawake wa Jamalpur wakibandika karatasi usiku, taa ikiwaka juu yao, ataelewa kwa nini chama cha namna hiyo kilizaliwa Ahmedabad.

UZI ULIOKATAZWA

Tulipokuwa tukirudi, kijana aliniomba nimsubiri. Akapotelea katika kichochoro, akarejea baada ya dakika tano na kitu ndani ya koti lake. Sikuuliza. Baadaye nilijuta kwa kutouliza.

Nchini India umezuka uzi wa nailoni ambao watu huuita manja ya Kichina, ingawa mwingi hutengenezwa nchini humo humo. Haukatiki upesi na hauozi. Na ule uliopakwa unga wa madini hupitisha umeme ukigusa nyaya. Umekata shingo za waendesha pikipiki na kuua watu. Mwaka 2017 baraza la taifa linaloamua mashauri ya mazingira liliupiga marufuku nchi nzima. Bado huuzwa kwa siri, kwa kuwa mwenye uzi huo hushinda. Bibi alikuwa ametoa amri nyumbani kwake tangu zamani: pamba tu.

Asubuhi ya sikukuu, basi, kijana alishinda. Alikuwa na kigurudumu chake cha kukunjia uzi, kiitwacho firki, na dada yake mdogo alikishika nyuma yake, akilegeza na kukaza kwa amri. Mbinu ni mbili: kuuachia uzi uende kwa kasi, au kuuvuta ghafula. Mara tu uzi wa adui ulipokatika, paa zima lilipiga kelele, "Kai po che!" yaani, "Nimekata!" Ngoma zikapigwa, tarumbeta zikalia, na paa la jirani likajibu kwa matusi ya utani. Kufika adhuhuri kijana alikuwa amekata tiara kumi na moja. Baba yake alimbeba begani. Mimi nami nilipiga makofi.

Chakula kilipandishwa juu, kwa maana hakuna aliyekubali kushuka. Tulikula undhiyu, mchanganyiko wa viazi vikuu, viazi vitamu, biringani, ndizi mbichi na maharage mabichi, pamoja na jalebi za moto. Watoto walitafuna miwa, kunazi na kashata za ufuta na njugu zilizoshikanishwa kwa sukari guru. Bibi alikaa kitini, shali mabegani, akihesabu ushindi wa mjukuu wake kwa vidole.

Yapata saa kumi ya alasiri njiwa alianguka katikati yetu.

Alikuja akipigapiga bawa moja, akagonga ukuta, akatulia karibu na miguu ya Bibi. Uzi ulikuwa umemzunguka bawani mara tatu. Niliinama niukate kwa mkono, lakini haukukatika; ulinikata mimi, kidole cha shahada, hata damu ikatoka. Mtu akaleta mkasi. Uzi ulipolegea, macho ya wote yaliufuata mpaka mwisho wake wa pili. Ulikuwa ndani ya firki ya kijana.

Bibi aliuchukua, akauvuta kwa mikono yake miwili ya kizee. Ukanyooka bila kukatika. Hakupiga kelele. Alinigeukia mimi, na kwa Kiswahili cha utoto wake akasema, "Mwanangu, Tanga walikuwa wakisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Hapa kwetu, vita vya tiara ni kilio cha njiwa."

Kisha akasema na mjukuu wake kwa Kigujarati. Maneno yalikuwa machache. Kijana alikwenda kutafuta sanduku la viatu.

HEMA LA NDEGE

Tulishuka pamoja, yeye na sanduku lake lililotobolewa matundu, mimi na kidole changu kilichofungwa kitambaa. Chini ya nyumba, katika kiwanja kidogo cha mtaa, tulipita kando ya chabutro, mnara wa mbao zilizochongwa uliojengwa na wazee kwa kazi moja tu ya kuwalishia ndege nafaka. Mitaa mikongwe ya Ahmedabad, iitwayo pol, inayo minara hiyo mingi. Ni sehemu ya urithi ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya dunia mwaka 2017. Watu wa Gujarat, hasa Wajaini, huhesabu huruma kwa viumbe kuwa ibada. Nilitazama mnara ule, kisha nikatazama sanduku. Watu wale wale waliowajengea ndege mnara ndio waliowatandia nyuzi angani.

Njiani pikipiki zilipita zimefungwa fito za chuma zilizopindwa kama tao mbele ya dereva, ili uzi unaoning'inia usimfikie shingoni. Wengine walikuwa wamejifunga shali nzito shingoni.

Hema la matibabu halikuwa mbali. Tangu mwaka 2017 serikali ya jimbo huendesha kampeni ya huruma, Karuna Abhiyan, kuanzia tarehe 10 hadi 20 Januari, pamoja na waganga wa mifugo na vijana wa kujitolea. Huwasihi watu wasirushe tiara alfajiri na jioni, saa ambazo ndege hutoka na kurudi viotani. Tulikuta masanduku yamepangwa safu: njiwa, mwewe, korongo mmoja mwenye mguu uliofungwa bendeji. Msichana aliyempokea njiwa wetu alifungua bawa taratibu, akatazama, akasema ataishi, lakini hawezi kuahidi kwamba ataruka.

Kijana alisimama pale muda mrefu. Alimwuliza msichana kama uzi wa pamba haukati ndege. Jibu lilikuwa la kweli, nami naliandika kama lilivyotolewa: hata wa pamba hukata, maana una chupa, lakini hukatika, na mvua ikinyesha huoza. Wa nailoni hubaki mtini ukiua miezi mingi baada ya watu kusahau sikukuu.

NANI ALIULIZA?

Tuliporudi, baba yake alikuwa akimsubiri ngazini. Nilidhani atampiga. Badala yake alikaa chini. Alisema, na shangazi akanifasiria, "Niliona tiara kumi na moja zikianguka kwa mkono wa mtoto ambaye mwaka jana hakukata hata tatu. Sikuuliza. Nilimbeba begani. Kosa la kwanza ni langu."

Nami nilijiona nimehukumiwa pamoja naye, kwa kuwa nilimwona akiingia kichochoroni. Ndivyo sisi wazazi tulivyo mara nyingi. Mtoto akileta ushindi nyumbani, tunapiga makofi kwanza. Habari za ushindi huo ulipatikana wapi, na kwa gharama ya nani, hatuulizi. Siku nzima sote tulikuwa tukitazama juu. Hakuna aliyetazama uzi, wala kichochoro ulikonunuliwa, wala vidole vya yule mtu wa Bareilly aliyekuwa amelala wakati sisi tukishangilia.

Usiku tiara kubwa nyeupe zilipandishwa, na kwenye nyuzi zake zikatundikwa taa za karatasi zenye mishumaa, moja baada ya moja, zikapaa kama ngazi ya nyota. Taa hizo huitwa tukkal. Kijana alikaa karibu na Bibi, hakurusha chochote.

Kesho yake, Jumapili, ndiyo siku ya pili ya sikukuu, na tiara hurushwa vile vile. Alirusha kwa uzi wa pamba. Alikata mbili, akakatwa saba. Kila alipokatwa majirani walimpigia tarumbeta, naye akacheka na kufunga tiara nyingine. Dada yake alishika firki na kumwambia kwamba hajui kuvuta. Kwa macho yangu ulikuwa mchezo mzuri zaidi kuliko wa jana.

Siku niliyoondoka nilimwona na rafiki zake wakizunguka mtaani na mti mrefu wenye ndoana, wakishusha nyuzi kutoka matawini, kwenye nyaya za simu, na kwenye chabutro ile ya wazee. Walikuwa wamejaza magunia mawili.

Bibi alinisindikiza mpaka mlangoni. Aliniuliza kama watoto wa Tanga bado wanarusha tiara.

"Wanarusha, Bibi," nilimjibu. "Za karatasi na vijiti."

"Kwa uzi gani?"

"Uzi wa kushonea tu."

Akanishika mkono wenye kidole kilichofungwa. "Basi waambie wasiubadilishe," alisema.